Simu inaganda na kujizima: niirudishe kiwandani, niiflashi, au ipo njia nyingine?

Msomaji kutoka Morogoro anauliza: "Nina simu ya Android yenye hifadhi ya GB 32, nimeitumia kwa miaka minne. Tangu ilipojisasisha mwezi uliopita inaganda, WhatsApp inajifunga yenyewe, na kwa siku inajizima na kujiwasha mara mbili au tatu. Fundi mmoja ameniambia dawa yake ni kuiflashi, mwingine anasema niirudishe kiwandani mwenyewe nyumbani. Ninauza vitenge, na orodha yote ya wanaonidai na ninaowadai imo WhatsApp, pamoja na picha za mzigo. Nifuate ushauri wa nani?"

Dada yangu, kwa sasa usifuate wa yeyote kati yao. Kuirudisha simu katika hali ya kiwandani, yaani kufuta vitu vyako vyote vilivyomo, na kuiflashi, yaani kuipakia upya mfumo wake kwa kompyuta, ni hatua mbili za mwisho, na kabla ya kuzifikia zipo nyingine kadhaa ambazo hazifuti picha wala mazungumzo. Kila hatua hugusa sehemu yake ya simu. Njia inayofaa ni ile nyepesi kabisa inayofika mahali tatizo lilipo, na kwa dalili ulizozitaja tatizo linaweza kuwa katika mojawapo ya sehemu tatu: hifadhi iliyojaa, programu isiyopatana na mfumo uliosasishwa, au kifaa chenyewe, hasa betri na kitufe cha kuwashia. Kwa mbili za kwanza mara nyingi ipo tiba nyepesi kuliko hizo ulizopewa, na kwa ya tatu kufuta data hakusaidii kitu hata ukirudia mara kumi.

Anza na madeni yako. Chukua daftari uyaandike leo hii, kwa sababu simu inayojizima ovyo inaweza kukataa kuwaka kabisa kabla hujamaliza kusoma jibu hili. Kisha ingia kwenye mipangilio ya WhatsApp, sehemu ya gumzo, ufungue ukurasa wa kuhifadhi nakala. Hapo utaona tarehe mbili: ya nakala iliyomo ndani ya simu yenyewe na ya nakala iliyopelekwa Google. Ile ya ndani hutengenezwa kila siku saa nane usiku, lakini simu ikiwa imejaa au imezimika wakati huo inaweza isitengenezwe, kwa hiyo usidhani ipo mpaka uione tarehe ya leo au ya jana. Ile ya Google huenda kwenye akaunti yako, na tangu mwaka 2024 inahesabiwa ndani ya zile GB 15 za bure ambazo Google humpa kila mtu kwa barua pepe, picha na mafaili kwa pamoja. Akaunti ikiwa imejaa, nakala mpya haipandi, na onyo lake ni rahisi kulipita bila kulisoma.

Kwa mtu ambaye biashara yake imo humo, ningependa uwe na nakala ya pili isiyotegemea bando. Unganisha simu na kompyuta kwa waya wa USB, chagua kuhamisha mafaili, fungua folda ya Android, halafu "media", na humo utaikuta folda iitwayo "com.whatsapp". Inakili yote kama ilivyo. Ndani yake zimo nakala za mazungumzo za siku za karibuni pamoja na picha na video ulizopokea. Siku utakapohitaji kuzirudisha, utaiweka folda hiyo mahali pale pale kabla ya kusakinisha WhatsApp, na programu itaikuta yenyewe utakapojisajili kwa namba ile ile. Kama uliwahi kuwasha ulinzi wa nakala kwa nenosiri, hakikisha unalikumbuka, maana bila hilo hata WhatsApp wenyewe hawawezi kukufungulia. Hakikisha vilevile unaikumbuka PIN ya uthibitishaji wa hatua mbili, kama uliiweka.

Namba za wateja nazo huwa na mtego wake. Fungua jina moja moja uangalie limehifadhiwa wapi. Yaliyo kwenye akaunti ya Google yatarudi yenyewe, yaliyo kwenye laini yatabaki kwenye laini, lakini yaliyohifadhiwa kwenye kifaa yatapotea siku simu itakapofutwa. Pesa zako za M-Pesa au mtandao mwingine wowote hazimo kwenye simu. Zimo kwenye akaunti iliyofungwa na namba yako, na hakuna hatua yoyote kati ya hizi inayozigusa.

Sasa tuje kwenye hifadhi, ambayo ndiyo ninayoishuku zaidi. Kati ya GB 32 zilizoandikwa kwenye boksi, sehemu kubwa huchukuliwa na mfumo wenyewe na programu zilizokuja nao, na kila sasisho huongeza uzito. Mtu aliyekuwa amebakiwa na GB moja kabla ya kusasisha hujikuta hana nafasi, na simu isiyo na nafasi hushindwa kuandika mafaili yake madogo ya kazi. Programu inayoandika muda wote, na WhatsApp ni mojawapo, huwa ya kwanza kujifunga. Nenda kwenye Mipangilio, sehemu ya hifadhi, uone kimebaki kiasi gani. Kama ni chini ya sehemu moja ya kumi ya hifadhi yote, hilo lishughulikie kwanza kabla ya kuhangaika na jambo lingine.

Mahali pa kukatia ni ndani ya WhatsApp kwenyewe. Katika mipangilio yake, sehemu ya hifadhi na data, kuna ukurasa wa kudhibiti hifadhi unaopanga kila kundi na kila mazungumzo kwa uzito, na juu yake umetengwa mkusanyiko wa mafaili yanayozidi MB 5 na mwingine wa yale yaliyosambazwa mara nyingi. Ukiufungua huo wa pili utakuta video zile zile za mahubiri, vichekesho na salamu za asubuhi, zimeingia kutoka makundi matatu tofauti. Futa hizo bila huruma. Halafu kumbuka kwamba picha unayoifuta kwenye Picha za Google haiondoki papo hapo. Hukaa kwenye tupio kwa siku 30, au 60 kama ilikuwa imehifadhiwa nakala, na ile iliyomo ndani ya simu inaendelea kula nafasi mpaka ulisafishe tupio lenyewe.

Katika hatua hii hii utakutana na vitufe viwili vinavyokaribiana, na watu wengi wameumia hapo. Ukifungua maelezo ya programu yoyote kwenye Mipangilio, sehemu ya hifadhi, kimoja hufuta akiba na kingine hufuta data, ambayo kwenye simu nyingine huitwa hifadhi. Kufuta akiba huondoa mafaili ya muda ambayo programu itayatengeneza tena ikiyahitaji, na hakuna unachopoteza. Kufuta data huirudisha programu kama ilivyokuwa siku ulipoisakinisha: kwa WhatsApp maana yake ni kutolewa nje, kujisajili upya, na kutegemea nakala uliyonayo. Kwako wewe, gusa cha kwanza tu.

Baada ya kupata nafasi, zima simu, iwashe, uitumie siku nzima. Ikitulia, kazi imekwisha. Kama inaendelea, iwashe katika hali salama, kipimo ambacho kwa bahati mbaya mafundi wengi hukiruka kwa sababu kinachukua muda na hakilipishiki. Bonyeza kitufe cha kuwashia mpaka menyu ya kuzima itokee, kisha ushikilie kwa kidole ile alama ya kuzima yenyewe badala ya kuigusa na kuachia. Simu itakuuliza kama unataka kuingia katika hali salama. Ukikubali, itajiwasha upya na maneno hayo utayaona kwenye kona ya chini ya kioo. Katika hali hiyo programu zote ulizozipakua mwenyewe hulala, zikabaki zile tu zilizokuja na simu. WhatsApp haitafunguka, na hilo lisikutie hofu. Kupiga simu na ujumbe wa kawaida vinafanya kazi, na menyu ya *150*00# na nyinginezo za namna hiyo zinafunguka, kwa hiyo wateja bado wanaweza kukulipa.

Kaa katika hali hiyo kwa muda unaotosha kosa kujitokeza. Wewe unasema simu hujizima mara mbili au tatu kwa siku, basi nusu saa haithibitishi chochote. Iache hivyo tangu asubuhi hadi jioni. Ikimaliza siku bila kujizima, mkosaji yumo kati ya programu ulizozipakua, na huna haja ya kufuta simu nzima. Iwashe upya kwa kawaida, uanze kuondoa moja moja, ukitanguliza zile zilizoingia karibu na siku ya sasisho na zile ulizotumiwa kama faili badala ya kuzipata Play Store. Hizi za pili zina tabia ya kujipa mamlaka ya msimamizi wa kifaa ili zisiondoleke. Zikikataa, nenda kwenye mipangilio ya usalama uzivue mamlaka hayo kwanza. Kuhusu WhatsApp yenyewe, mara nyingi kinachohitajika ni kuisasisha tu, kwa sababu mfumo ukipanda toleo na programu ikabaki nyuma, kujifunga namna hiyo si jambo la ajabu.

Ikiwa simu inajizima hata katika hali salama, usikimbilie bado kufuta. Iangalie betri kwanza. Je, chaji hushuka ghafla kutoka asilimia 30 hadi sifuri? Je, hujizima zaidi unapopiga simu, unapowasha kamera au tochi, yaani wakati umeme mwingi unahitajika? Ilaze kifudifudi juu ya meza iliyonyooka uangalie kama mgongo umevimba au kioo kimeanza kuachia pembeni. Betri iliyovimba haichajiwi tena, wala haibonyezwi irudi ndani, inabadilishwa. Kwa simu ya miaka minne inayotumika dukani kutwa nzima, betri iliyochoka ndiyo ningeitarajia.

Kama betri haionyeshi dalili hizo, kipo kipimo kingine ambacho hakihitaji kifaa chochote. Zima simu, kisha ubonyeze kwa pamoja kitufe cha kuwashia na cha kuongeza sauti mpaka nembo itokee, halafu uachie. Kwa simu nyingi utaingia katika ukurasa mweusi wenye maandishi madogo, ambamo kioo hakisikii kidole. Unapanda na kushuka kwa vitufe vya sauti na kuchagua kwa kitufe cha kuwashia. Baadhi ya simu za Samsung za miaka ya karibuni hukataa kufika hapo mpaka ziwe zimechomekwa kwenye kompyuta kwa waya. Ukifika, usichague kitu. Iache tu ikae hapo muda mrefu. Ukurasa huo hautumii programu zako wala data zako, kwa hiyo simu ikijizima ikiwa hapo, tatizo ni la kifaa. Na ukiona inajichagulia mistari bila wewe kugusa, kitufe cha kuwashia kimenata, na bila shaka ndicho kinachoizima siku zote. Katika hali hiyo ondoka hapo upesi, maana mmoja wa mistari hiyo ni wa kufuta kila kitu.

Kuhusu ukurasa huo, nikuonye jambo moja zaidi. Kwenye simu kadhaa kuna mstari wenye neno "cache", unaofuta akiba ya mfumo bila kugusa mafaili yako, nao ni hatua nzuri baada ya sasisho lililoleta usumbufu. Lakini mstari wenye neno "factory" huwa jirani yake kabisa. Soma mara mbili kabla ya kubonyeza, na kama simu yako haina mstari wa "cache", usitafute kingine cha kubadilisha nacho.

Hatua za kurejesha mipangilio zilizomo kwenye Mipangilio, sehemu ya mfumo, sitazieleza kwa kirefu kwa sababu hazilengi tatizo lako. Kurejesha mipangilio ya mtandao kunawafaa wenye simu isiyoshika intaneti au Bluetooth. Hufuta nenosiri za Wi-Fi na vifaa vilivyounganishwa, na anayetumia laini ya kidijitali (eSIM) asiruhusu ifutwe kwa pamoja. Kurejesha mapendeleo ya programu hurudisha ruhusa na programu ulizokuwa umezizuia, nako hakufuti faili lolote. Hazina madhara makubwa, lakini simu inayojizima haziiponyi.

Tuseme sasa umepata nafasi, hali salama haikusaidia, betri ni nzima, na katika ukurasa mweusi simu ilikaa imetulia. Hapo fundi wako wa pili anakuwa na hoja, na kuirudisha kiwandani kunafaa. Lakini elewa inachofanya. Inafuta sehemu ya simu inayohifadhi vitu vyako na programu zako. Hairudishi toleo la zamani la Android. Sasisho la mwezi uliopita litabaki pale pale. Inachosaidia ni kuondoa mabaki ya data ya zamani yasiyopatana na mfumo mpya. Elewa pia kwamba hakuna kurudi nyuma: simu zilizotoka kiwandani na Android 10, ya mwaka 2019, au toleo jipya zaidi, huhifadhi data ikiwa imesimbwa kwa njia fiche, na simu inapofutwa funguo huharibiwa. Atakayekuahidi kukurudishia picha kutoka kwenye simu ya namna hiyo baada ya kufutwa anakuuzia maneno.

Kabla ya kuanza, jiulize: akaunti ya Google iliyomo kwenye simu hii ni ipi, na nenosiri lake ni lipi? Swali hili naliwekea uzito kwa sababu watu wengi walifunguliwa akaunti na kijana wa dukani siku waliponunua simu, kwa jina lolote lililomjia kichwani, na hawajawahi kuambiwa nenosiri. Tangu Android 5.1 ya mwaka 2015 kuna ulinzi unaoitwa FRP, uliokusudiwa kumkatisha tamaa mwizi: simu ikifutwa kwa njia ya vitufe, ikiwaka hudai akaunti ya awali au mchoro wa kufungulia uliokuwepo kabla ya kufutwa. Mwenye simu halali asiyejua hivyo viwili husimama mlangoni pamoja na mwizi. Kwa hiyo ingia kwanza kwenye akaunti hiyo kupitia kompyuta au simu nyingine ili ujiridhishe kwamba inafunguka. Ukilazimika kubadilisha nenosiri, subiri saa 24 kabla ya kufuta simu, kama Google wenyewe wanavyoshauri. Na maadamu simu yako bado inawaka, ifute kupitia Mipangilio, wala si kwa vitufe, kwa sababu njia hiyo inajua kwamba ni wewe uliyefungua kioo na inaondoa akaunti kwa utaratibu. Kama simu uliichukua kwa mkopo na hujamaliza kulipa, wasiliana kwanza na waliokukopesha, kwani kwa kawaida kufuli lao hurudi hata baada ya kufuta.

Memori kadi nayo itoe kabla ya kuanza. Kama ilitumika kama hifadhi ya kubebeka, itasomeka popote. Kama iliwekwa iwe sehemu ya hifadhi ya ndani, funguo zake zimo ndani ya simu, na simu ikifutwa kadi hiyo haitasomeka tena. Vilivyomo uvihamishe kwenye kompyuta mapema. Chaji ifike angalau nusu. Simu ikishawaka upya, usikubali irudishe programu zote kwa mkupuo. Rudisha WhatsApp na chache unazozihitaji kwa kazi, uitumie hivyo siku kadhaa, ndipo uongeze nyingine, vinginevyo unaweza kumrudisha mkosaji yule yule bila kumjua.

Kuflashi kunabaki kwa simu ambayo mfumo wake wenyewe umeharibika: imekwama kwenye nembo, au sasisho lilikatika katikati, na kufuta data hakukusaidia. Yako haijafika huko. Ikifika, mpe kazi hiyo fundi anayekubali kukuonyesha kwamba faili alilonalo ni la modeli yako hasa, maana tofauti ya herufi moja kwenye jina la modeli inatosha kuiua simu. Hatari nyingine ni ya IMEI, namba ya utambulisho wa simu, ambayo simu ya laini mbili huwa nazo mbili. Simu nyingi za bei nafuu katika masoko yetu hutumia chipu za MediaTek, na programu ya kuziflashia ina chaguo la kufuta kila kitu, ambalo hufuta hata eneo linalotunza namba hizo. Tanzania ilizifungia simu zenye IMEI bandia mwezi Juni 2016, na simu iliyopoteza IMEI yake nayo haina uhakika wa kushika mtandao. Kabla ya kumkabidhi, toa laini, piga *#06#, uandike namba zote mbili. Akikurudishia, piga tena *#06# ukiwa bado umesimama mezani pake, ulinganishe tarakimu moja moja na zile ulizoziandika, kisha ndipo umlipe.